Neno la siku lilisema "Sitakufa bali nitaishi", na baba akafa jioni ile

BARUA

Shikamoo mama. Mwana-Kondoo wetu ameshinda.

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu, na kwa salamu unazofungia najua wewe ni wa kanisa la Moravian kama mimi. Ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe. Mchungaji wetu alikuwa rafiki mkubwa wa baba, nikimpelekea haya nitamrudisha msibani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Rungwe, nina miaka 36. Naishi na mama tangu baba alipofariki Julai mwaka jana.

Baba alikuwa mzee wa kanisa kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda kukamua, alisoma neno la siku kwenye kile kitabu chetu cha kila mwaka, aya ya Agano la Kale kwanza, halafu ya Agano Jipya. Akikaa kimya kidogo, ndipo anaomba. Jioni kabla ya kulala alichukua penseli na kuiwekea ile tarehe alama ya vema. Sisi watoto tulidhani ni kuonyesha kwamba amesoma. Baadaye mama alituambia kwamba alikuwa anajiuliza kama ametembea katika lile neno mchana kutwa. Siku aliyogombana na mtu, vema haikuwekwa.

Julai, siku ya Jumapili, tumbo lilianza kumuuma. Likajaa, akawa anatapika. Tulikaa naye nyumbani siku nne. Wazee wa ushirika walikuja kuomba. Alhamisi tukampeleka hospitali, daktari akasema utumbo umejisokota, apasuliwe mara moja.

Mama, neno la siku hiyo lilikuwa Zaburi 118:17, "Sitakufa bali nitaishi, nami nitayasimulia matendo ya Bwana." Nilimsomea mimi mwenyewe akiwa kwenye machela. Alitabasamu. Kuanzia hapo sikuogopa tena. Niliwatumia ndugu wote kwenye kundi la ukoo, nikaandika chini yake: "Bwana amesema." Saa moja jioni baba akakata roho.

Msibani kila mtu alituambia ni mapenzi ya Mungu. Mzee mmoja akaongeza, tena mama akisikia, kwamba huenda imani yetu ilikuwa na ufa mahali.

Tangu hapo moyo wangu umefungwa. Tatizo ni kwamba mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili, hawezi tena kusoma, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea neno kila alfajiri. Mdomo unasoma, ndani ni pakavu. Siku nyingine nasoma kwa hasira mpaka nameza maneno. Mama anaitikia "Amina" kwa ajili yetu sote wawili. Najiona mnafiki kabisa.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Mama amepangiwa tarehe ya kupasuliwa jicho la kulia mwezi ujao. Usiku mmoja nilifungua kitabu mbele, nikaangalia neno la tarehe hiyo. Ni Ayubu 1:21, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Nilikifunga kitabu mikono ikitetemeka. Nimeshapiga simu kuuliza kama tarehe inaweza kubadilishwa, wamesema inawezekana. Mama hajui. Yaani mimi ambaye siliamini tena neno ndiye ninayeliogopa.

Nibadilishe tarehe? Niendelee kumsomea mama kitu nisichokitegemea? Na nitayaaminije mapenzi ya Mungu, ikiwa neno lake lenyewe lilisema hivi likawa vile?

Msomea Mama, Rungwe

JIBU

Marahaba, binti yangu. Tumfuate.

Nianze na la tarehe, maana hilo lina siku zake. Usiibadilishe. Mpeleke mama siku ile ile aliyopangiwa. Upasuaji huo haufanani na ule wa baba. Baba alilazwa usingizi kamili, utumbo umejisokota, mwili umechoshwa na siku nne za kutapika. Mama atapigwa ganzi ya jicho tu. Hatalala, atakuwa anamsikia daktari anavyozungumza. Lenzi iliyoingia ukungu itatolewa na kuwekwa ya bandia, na mara nyingi kazi nzima haifiki nusu saa. Kama ana presha au sukari waambieni mapema ili wapime. Hayo ndiyo ya kuyahangaikia kabla ya siku ile. Aya iliyoandikwa kwenye tarehe hiyo haimo katika hesabu.

Nataka ujue kwa nini nasema haimo, tena nikiwa mtu ninayekisoma kitabu hicho hicho kila asubuhi na kukipenda.

Kitabu chetu kilianzia Herrnhut, kijiji cha mashariki mwa Ujerumani. Tarehe 3 Mei 1728 Zinzendorf, kiongozi wao, aliwapa washarika neno fupi la kuondoka nalo kwa siku ya kesho. Ikawa desturi. Kila asubuhi ndugu mmoja alipita kwenye nyumba zote, zilikuwa 32, akapiga hodi na kulitamka neno la siku mlangoni. Akiwa pale mlangoni aliona pia nani kaamka na homa, nani macho yamevimba kwa kulia, akarudi na habari zao. Kitabu cha kwanza cha mwaka mzima kikachapwa kwa ajili ya 1731, na hakijakoma hadi leo. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi hiyo.

Aya ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura. Huko Herrnhut kuna akiba ya aya zaidi ya 1,800, na kila siku ya mwaka hutolewa yake, takriban miaka mitatu kabla, ili wanaotafsiri na kuchapa katika lugha nyingi wapate muda. Ile ya Agano Jipya hutafutwa baadaye iendane nayo. Kwa hiyo aya uliyomsomea baba kwenye machela ilitolewa siku ambayo baba alikuwa mzima, pengine anapalilia migomba. Na asubuhi ile hakuisoma peke yake. Ilisomwa Ujerumani, ikasomwa Afrika Kusini, Suriname, Jamaika, Tabora, Mbeya mjini. Katika hao wote wapo waliopona siku hiyo, wapo waliojifungua, wapo waliofunga biashara, na wapo waliokufa kama baba. Aya moja. Ingekuwa ni taarifa ya Mungu juu ya nani atamaliza siku, ingewadanganya maelfu kila mwaka, na wazee wetu wangekuwa wamekitupa kitabu hicho zamani.

Jina la kitabu hicho kwa Kijerumani ni Losungen. Losung ni neno la siri wanalopewa askari walio zamu ya usiku. Mtu akitokea gizani anaulizwa neno, akilitaja wanajua ni wa kambi ipi. Neno la zamu halimwambii askari kama usiku huo watavamiwa au watalala salama. Linamwambia yeye ni wa nani, na akipotea gizani atatambuliwa kwa neno gani. Binti yangu, ulimpa baba yako neno la zamu saa chache kabla hajaingia kwenye giza lake. Wewe ulidhani umempa matokeo ya upasuaji. Nadhani yeye alijua alichopewa. Mtu aliyesoma neno kila alfajiri kwa miaka ishirini, akijipima kwa penseli kila jioni, hakutabasamu kwa sababu amehakikishiwa wiki nyingine.

Usidhani wewe ni wa kwanza kuvuka mpaka huu. Wazee wetu wa Herrnhut walizoea kupiga kura hata kujua kama fulani amwoe fulani, wakiamini ndivyo mapenzi ya Mungu yanavyopatikana. Miaka mingi. Ni sinodi ya 1818 iliyoondoa ulazima huo kwa washarika wa kawaida. Kura ya ndoa wakaiacha, kitabu cha neno wakabaki nacho. Walijifunza, kwa machozi ya watu wengi nadhani, kwamba kura inaweza kukupa aya ya kutafakari, lakini haiwezi kukubebea uamuzi.

Sasa turudi kwenye Zaburi yenyewe, maana mmeisoma aya moja na kuiacha nyumba yake. Zaburi ya 113 hadi ya 118 ndizo Wayahudi huziimba kwenye Pasaka, na ya 118 ndiyo ya mwisho. Mathayo 26:30 inasema baada ya karamu, "Nao walipokwisha kuimba, wakatoka nje kwenda mlima wa Mizeituni." Wataalamu wengi wa Biblia wanakubali kwamba walichoimba ni zaburi hizo. Fikiri hilo taratibu. Bwana Yesu, usiku wa Alhamisi, kwa kinywa chake anaimba "Sitakufa bali nitaishi", anatoka nje, anafika Gethsemane, anaanguka kifudifudi na kusema, "Baba, ikiwa ni mapenzi yako, uniondolee kikombe hiki, walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke." Kesho yake alasiri amekufa.

Aliimba uongo? Wanawake waliokwenda kaburini siku ya tatu wanajua jibu. Lakini angalia kwamba neno lile halikumpitisha pembeni ya kifo. Lilipita naye ndani. Baba yako alikufa Alhamisi akiwa na wimbo huo huo moyoni. Sikuambii hivi ili uache kulia.

Kuna mtu mwingine aliyeipenda aya hii. Martin Luther, yule mtengenezaji wa kanisa wa Ujerumani, aliiandika ukutani mwaka 1530 alipokuwa kwenye ngome ya Coburg, hajui kama ataishi. Zaburi ya 118 aliiita yake, na miezi hiyo hiyo akaiandikia maelezo marefu. Tarehe 5 Juni mwaka huo huo ikafika barua kwamba baba yake, Hans, amefariki tangu 29 Mei. Katibu wake alisimulia kwamba Luther alichukua kitabu chake cha Zaburi, akaingia chumbani, akalia mpaka siku ya pili kichwa kikawa kizito. Aya ikabaki ukutani, na baba akawa ameshazikwa. Hakuifuta aya, wala hakuyafuta machozi kwa kujitia kwamba ana imani. Yote mawili yalikaa chumba kimoja. Ndiyo maana nakuambia hujawa kafiri kwa kulia na kukasirika.

Sasa naomba uvumilie, nataka kugusa mahali ambapo wewe umepapita mbio. Umeandika sentensi moja tu: "Tulikaa naye nyumbani siku nne." Halafu ukakimbilia Alhamisi. Barua yako yote inamuuliza Mungu kuhusu Alhamisi, lakini mimi nahisi kinachokuuma usiku ni Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Nani alisema tusubiri? Ulikuwa ni wewe? Ni baba mwenyewe, kama wanaume wengi wa kwetu wasiotaka kusumbua watu? Je, asubuhi zile nne pia mlisoma neno, likawa zuri, mkasema Bwana ataponya?

Sijui kama angepona angefika Jumatatu. Daktari anayeyajua mambo ya utumbo anaweza kukueleza zaidi, na unaweza kwenda kumuuliza, hiyo nayo si dhambi. Ninachojua ni kilichoandikwa katika Kumbukumbu la Torati 29:29: "Mambo ya siri ni ya Bwana, Mungu wetu, lakini mambo yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu milele, ili tuyafanye." Siku ya baba kufa ilikuwa ya siri. Tumbo lililojaa na mtu anayetapika siku ya pili, hilo lilikuwa limefunuliwa. Mapenzi ya Mungu kwa Jumatatu ile hayakuhitaji kura. Yalikuwa ni kutafuta gari.

Nimeandika sentensi hiyo nikijua itakuchoma. Naiacha ikae, kwa sababu hatia isiyotajwa hugeuka kuwa hasira, na hasira hiyo umemtupia Mungu na kitabu chake. Kaa na mama. Zungumzeni siku nne zile, saa kwa saa. Yeye naye anazibeba, tena gizani, na hana hata kitabu cha kusoma ili asahau. Kama kuna la kutubu, tubuni pamoja, mkamwombe huyo huyo mchungaji unayemhurumia awashike mikono. Mkishatubu msilifukue tena. Na ukija kukuta kwamba mlifanya kila mlichoweza kwa akili mliyokuwa nayo wakati ule, basi hilo nalo liseme kwa sauti, mama alisikie.

Yule mzee aliyesema imani yenu ilikuwa na ufa, msameheni, lakini neno lake msilipokee. Ayubu alikuwa na marafiki watatu wa aina hiyo. Walikaa wakimweleza, sura baada ya sura, kwamba lazima kuna dosari mahali, wakati yeye analia na kumhoji Mungu bila kupamba maneno. Mwisho Bwana aliwakasirikia wao. "Hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu," akasema, "kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Aliyelalamika ndiye aliyenena sawa. Soma Ayubu 42:7 kwa macho yako.

Na kwa kuwa tumefika kwa Ayubu, ile aya uliyoikuta kwenye tarehe ya mama. Ni maneno ya nani? Ni ya Ayubu, akimsujudu Mungu, baada ya msiba. Hakuna aliyempelekea aya hiyo kabla ili ajiandae kunyang'anywa. Ni sala ya mtu ambaye amebaki na mikono mitupu na bado anajua pa kuielekeza. Siku hiyo mama akisikia "Bwana alitoa", atakumbuka macho aliyopewa, na mume aliyepewa, na wewe. Akisikia "ametwaa", atajua ni nani. Yeye ameshaiishi aya hiyo tangu Julai. Wewe ndiye unayedhani inamvizia.

Tunasema "mapenzi ya Mungu" msibani kama watu wanaosoma amri ya serikali. Imetoka, imetiwa muhuri, inamisheni vichwa. Lakini lugha yetu imetupa neno ambalo ni lile lile tunalolitumia kwa mtu anayempenda mtu. Mapenzi. Mimi mtoto wangu wa pili alizaliwa ameshakufa, na wanawake walionizunguka kitandani walisema neno hilo mpaka nikalichukia. Kwa karibu miezi minne nilisoma Zaburi ya 88 peke yake, kila asubuhi, kwa sababu ndiyo inayomalizikia gizani na haina mstari wa kunifurahisha. Mume wangu hakunikataza. Asubuhi moja nilifika mwisho nikagundua kwamba nimekuwa nikimlalamikia Mtu muda wote huo. Kila siku, saa ile ile, Mtu yule yule. Nilikuwa sijaondoka kwake hata siku moja. Sikupata maelezo ya mtoto wangu, na mpaka leo sina. Nilichopata ni kwamba yule ninayemlilia ninamfahamu, na kwa tabia yake ninayoijua naweza kumwachia nisilolijua. Kuyaamini mapenzi yake, kwangu mimi, ni hilo tu. Sijawahi kufika mbali zaidi ya hapo.

Lakini mtu hamjui mwenzake kwa kusoma sentensi moja aliyoitoa siku ya shida. Unamjua kwa kukaa naye. Ndiyo kazi ya neno la kila siku, hata zile siku ambazo aya inaonekana haikuhusu kabisa, ni orodha ya makabila au sheria ya mizani ya haki. Baba hakuwa anatafuta ishara alfajiri zile. Alikuwa anazoea sauti.

Sasa la unafiki. Mnafiki anajionyesha kuwa na asichokuwa nacho ili watu wamsifu. Wewe unasoma saa kumi na moja alfajiri, kwenye baridi ya Rungwe, mbele ya mtu mmoja asiyeona, ili asikose mkate wake. Nani anakusifu hapo? Marko sura ya 2 inasimulia mtu mwenye kupooza aliyebebwa na wanne mpaka darini, wakamtelemsha na godoro lake. Imeandikwa, "Naye Yesu, alipoiona imani yao." Imani yao, wale wabebaji. Huyo aliyelala hatuambiwi alikuwa anaamini nini. Unafikiri unambeba mama kwa macho yako, kumbe alfajiri hiyo hiyo naye anakubeba kwa ile Amina ya watu wawili. Endelea kumsomea.

Ila usimfiche tena. Mama aliyekulea anaijua sauti yako ikikauka, tena asiyeona husikia zaidi. Asubuhi moja kabla hujafungua kitabu mwambie: mama, nasoma lakini moyo hautaki. Nadhani atakuambia kitu ambacho mimi siwezi kukuandikia. Mwambie pia habari ya kufungua kitabu mbele na ya ile simu uliyopiga. Jicho ni lake, tarehe ni yake.

Mkishasoma, badilisheni swali. Umekuwa ukiiuliza aya, "Leo kutatokea nini?" Iulize, "Leo niwe mtu wa namna gani?" Ukisoma Mika 6:8, kutenda haki na kupenda rehema na kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako, una darasa la watoto hapo mbele yako na mmoja wao hajanywa chai. Penseli ya baba ilikuwa kwenye swali hilo la pili. Na usisome aya peke yake. Fungua Biblia, soma iliyo juu yake na iliyo chini yake, angalau sura hiyo moja. Hata shetani alimletea Bwana aya nzuri ya Zaburi ya 91 iliyong'olewa mahali pake, akajibiwa, "Tena imeandikwa." Zoea neno hilo "tena". Na usifungue kitabu mbele. Kila siku ina aya yake, na mkate wa kesho haukuombewa katika Baba Yetu.

Asubuhi ambazo huwezi kuomba lolote, ipo sala ya baba mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Iko Marko 9:24. Ni fupi, unaweza kuisema huku unachochea moto.

Kitabu cha baba cha mwaka jana, kile chenye vema zinazoishia Jumatano, au pengine zimeruka Jumatano kwa maumivu, sijui, kiweke mezani karibu na hiki cha mwaka huu. Kisifungiwe sandukuni. Mama akianza kuona atataka kuiona mistari ile.

Siku ya safari ondokeni mapema, mfungieni mama kanga kichwani, ukungu wa huko haukopeshi mtu. Bebeni chakula, maana kwenye kliniki za macho foleni ni ndefu kuliko kazi yenyewe. Someni neno la siku hiyo kabla hamjatoka nyumbani, Ayubu na yote. Baada ya upasuaji jicho kwa kawaida hufunikwa mpaka kesho yake asubuhi, kwa hiyo jioni ile zamu ya kusoma itakuwa bado ni yako. Msomee Zaburi ya 118 yote, kuanzia aya ya kwanza, taratibu, na ukifika ya 17 usiiruke.